Pedali Iliyorudi Juu

Bakhit alikanyaga pedali ya breki kwa mara ya arobaini asubuhi ile, na kwa mara ya arobaini pedali ikamgomea. Ilishuka vidole viwili, ikasimama, ikawa ngumu kama jiwe.

"Hakuna kitu," alisema akitoa kichwa dirishani. Alikuwa fundi wa yadi ya polisi, mtu wa Salala mwenye mvi za mapema na mikono isiyotakata grisi hata siku ya Idi. "Luteni, nakuapia. Breki za jipu hili ni nzima kuliko za gari langu."

"Basi Aflah aliona nini mlimani?" aliuliza Bashayer.

"Muulize mwenyewe."

Akajuta pale pale, maana Aflah hakuwa wa kuulizwa. Tangu Jumapili alikuwa kalala hospitali na mirija puani, na madaktari walikuwa wamefika mahali pa kusema "tusubiri". Alikuwa akishuka mlima wa Amerat kuja upande wa Bausher, katika jipu la marehemu baba yake, la mwaka themanini na tisa, lisilo na mifuko ya hewa wala kompyuta ya kusema lolote. Dereva wa lori aliyekuwa akipanda alimwona akija kwa kasi, taa zikimetameta, mkono nje ya dirisha ukipunga. Hapakuwa na alama ya tairi barabarani. Aflah aliligeuza gari kuingia njia ya dharura, ile iliyojazwa kokoto kwa ajili ya malori yaliyoshindwa kusimama, na kichwa chake kikapiga kioo. Waliomtoa walisikia maneno mawili tu kabla hajazimika: "Breki hamna."

Na sasa breki zilikuwepo. Zimekaa pale chini ya mguu wa Bakhit, kali, zinamcheka.

Luteni Bashayer alitazama saa. Saa moja na nusu. Saa saba mchana jalada lingepelekwa kwa mwendesha mashtaka, na pamoja na jalada angepelekwa msichana mmoja wa Uganda, Nabatanzi, mtumishi wa nyumbani kwa kina Aflah, aliyekamatwa Jumatatu. Kamera ya jirani ilimwonyesha alfajiri ya Alhamisi akiwa amefungua boneti ya jipu, kainama ndani dakika tatu nzima. Kosa lililoandikwa juu ya jalada lilikuwa jaribio la kuua. Aflah akifa, neno moja lingefutwa, libaki lile la mwisho.

"Rudia tangu mwanzo," Bashayer alisema.

Bakhit akapumua, akarudia. Pedi za mbele mpya. Diski safi. Mabomba ya chuma kutoka mbele hadi nyuma, makavu. Busta inavuta. Masta silinda haivuji hata tone.

"Na hiki?"

Bashayer alikuwa amechutama kwenye gurudumu la mbele la kushoto, tochi mkononi. Kwenye mpira wa breki palikuwa na mkato, mrefu kama ukucha. Bakhit akaja mbio, akapiga magoti. Mkato ule mdogo ulitosha kumfunga mtu hadi nywele zake zote zigeuke nyeupe.

Bashayer akauchokonoa kwa kijiti cha meno. Ikatoka chembe ya jiwe, ya kijivu, yenye ncha. Akaiweka kiganjani, akabandua nyingine kwenye kokoto zilizonasa nyuma ya bamba lililopinda. Zilifanana kama pacha.

"Kokoto za njia ya dharura," alisema. "Umekatwa baada ya breki kufa, si kabla. Na haujapenya."

"Kwa hiyo tumerudi pale pale."

"Tumerudi pale pale, ila na mwongo mmoja kapungua: huu mkato."

Simu yake ikalia. Alikuwa Hatem, kaka mkubwa wa Aflah, mtu wa ofisi kubwa na sauti ya kutoa amri.

"Luteni, bado mnachezea gari? Kamera mmeiona. Mmeona midomo yake? Mara mbili kainua kichwa, midomo inacheza. Anasoma mambo yake yule! Hawa wana mambo yao. Niandikie na hilo kwenye jalada. Uchawi. Sihr."

"Naandika nilichokithibitisha, bwana Hatem."

"Basi thibitisha upesi. Ndugu yangu anakufa."

* * *

Chumba cha mahojiano kilikuwa baridi kupita kiasi. Nabatanzi alikuwa amekalia viganja vyake. Alikuwa na miaka ishirini na minne. Mkate na chai vilikuwa mezani, havijaguswa.

"Umekula?"

"Nimekula, afande."

Bashayer akautazama mkate, akaacha neno lipite. "Alhamisi alfajiri ulifungua boneti."

"Ndiyo."

"Kila siku unafungua?"

"Hapana. Mimi huosha nje tu. Boneti ilikuwa siku hiyo moja."

"Ulikata kitu?"

"Sikukata. Sikugusa waya, sikugusa paipu. Wallah, afande. Mimi ni Mkristo, lakini naapa hata hivyo."

"Nani alikutuma?"

Nabatanzi akageuza uso ukutani. Mashine ya baridi ilinguruma juu ya vichwa vyao.

"Nabatanzi, saa saba naondolewa jalada hili mikononi. Huko unakokwenda hakuna atakayekuuliza kama umekula."

"Nimeapa kwa mtu kwamba sitasema."

"Kwa nani?"

"Nikikwambia kwa nani, si ndiyo nimeshasema?"

Bashayer akakaribia kutabasamu, akajizuia. Akasogeza kiti. "Kwenye video unaongea. Bwana Hatem anasema ulikuwa unasoma uchawi."

Rangi ikamtoka msichana. Viganja vikamtoka chini ya mapaja, vikashika ukingo wa meza. "Nilijua. Nilijua watasema sihr! Afande, rafiki yangu Nakabugo walimkuta na karatasi ya maombi ndani ya mto wake, maombi ya kanisa tu, ya Luganda, wakasema sihr. Hapa neno hilo likikushika, khalas, umeisha. Ndiyo maana hata nikisema ukweli, nitaonekana mbaya zaidi."

"Ukweli wa namna gani unaomfanya mtu aonekane mbaya zaidi?"

Nabatanzi akatikisa kichwa. Machozi yalikuwa yanatiririka bila sauti, na hakuyafuta. Bashayer alipofika mlangoni, msichana akaita.

"Afande. Mama yake Aflah, Mama Mahbuba, anakunywa dawa yake ya presha? Iko droo ya chini jikoni, nyuma ya majani ya chai. Wale hawajui ilipo."

Bashayer akasimama na kitasa mkononi. Msichana yumo mlangoni mwa jela, na anachowaza ni droo ya jikoni.

"Nitawaambia," alisema.

Nje, kwenye korido, aliifungua tena ile video kwenye simu. Msichana anainama. Anainua kichwa, midomo inacheza, ananyamaza, anainama tena. Alinyamaza kama mtu anayesikiliza. Na boneti iliyosimama wima ilikuwa imeziba upande wote wa pili wa gari.

* * *

Kwenye kabati dogo la jipu kulikuwa na karatasi ya gereji, ya mwanzoni mwa mwezi, mwandiko wa haraka: *pedi za mbele zimekwisha, mafuta ya breki chini ya alama, nunua chupa.* Karatasi hiyo ndiyo iliyompeleka Bashayer hadi mtaa wa Ghala, kwa fundi Osama, Mmisri mnene aliyekuja kumpokea huku akifuta jasho kwa kitambaa kilekile alichofutia spana.

"Ya hadhrat, mimi sina kosa!" alianza kabla hajaulizwa. "Jumamosi nilibadilisha pedi, nikatoa upepo magurudumu ya mbele, nikaliendesha mwenyewe. Breki ilikuwa kali! Ungekanyaga, meno yangekutoka!"

"Nani kasema una kosa?"

"Polisi akija na faili, mtu anakuwa na kosa. Tutajua baadaye lipi."

"Ulitumia mafuta gani ya breki?"

Osama akainuka kwa shida, akaleta chupa ya nusu lita kutoka kwenye rafu. "Aliyoleta Aflah mwenyewe. Mpya. Utepe wake niliukata mimi, hapa hapa."

Bashayer akaiinua chupa kwenye mwanga wa mlango. Mafuta yalikuwa yamefika karibu na shingo. Yaliyotumika hayakuzidi vidole viwili.

"Ulitoa upepo magurudumu mawili kwa mafuta haya tu?"

"Kikopo cha mafuta ya breki, kile cha kwenye gari, kilikuwa kimejaa! Hadi mdomoni. Mtu anakanyaga pedali, mimi nafungua skrubu chini, yale ya kwenye kikopo yanashuka yanasukuma upepo. Mwishoni nikaongeza haya kidogo. Nimwage chupa ya mtu kwa nini?"

Bashayer akaiweka karatasi juu ya meza ya kazi, akaigonga kwa kidole. "Huu mwandiko wako?"

"Wangu."

"Soma."

Osama akasoma. Aliposoma mara ya pili, midomo yake ilipungua mwendo. "Chini ya alama..."

"Mwanzoni mwa mwezi kikopo kilikuwa chini ya alama. Jumamosi kimejaa hadi mdomoni. Na chupa ya Aflah ilikuwa bado imefungwa, utepe umeukata wewe. Kikopo kilijazwa na nini, Osama?"

Fundi akatafuta mahali pa kukaa, akapata tairi kuukuu. Spana ikamwanguka, hakuiokota.

"Ya Rabbi," alisema kwa sauti ndogo. "Nimevuta kitu gani nikakipeleka kwenye magurudumu?"

* * *

"Maji," Bakhit alisema kwenye simu. "Lazima maji. Mafuta ya breki huvumilia moto mkali, maji hayavumilii. Ukishuka mlima kwa breki, kalipa zinazobana pedi zinapata moto, maji yanachemka, yanakuwa mvuke. Na mvuke unabonyea. Unakanyaga, pedali inazama, unabonyeza hewa tu. Gari likipoa, mvuke unarudi kuwa maji, pedali inarudi juu kama hapakuwa na jambo." Akasonya. "Luteni, nimeikanyaga mara arobaini ikiwa baridi. Mimi mjinga."

"Unaweza kuthibitisha?"

"Maabara itachukua sampuli. Majibu Jumapili."

"Sina Jumapili. Nina saa tatu tu."

"Basi kuna njia moja." Hakuitaja. Hakuwa na haja.

Mlima ule ni wa mawe matupu, ya rangi ya chuma kilichoungua, hauna hata kichaka cha kumficha mbuzi. Askari wa barabarani walisimamisha magari juu na chini kwa robo saa. Bashayer alishika usukani mwenyewe, kwa sababu taarifa ingebeba sahihi yake, na hakuwa mtu wa kutia sahihi chini ya hofu ya mwingine. Bakhit alikaa kushoto kwake—usukani wa jipu lile ulikuwa wa kulia, kwa kuwa Mzee Saeed, marehemu baba yake Aflah, aliliagiza kutoka Afrika Mashariki na kukataa katakata kuliuza—mkono wake ukiwa juu ya breki ya mkono, iliyovutwa kwa waya hadi magurudumu ya nyuma, isiyotegemea mafuta.

"Njia ya dharura iko kona ya nne," Bakhit alisema. "Usikose."

"Nikikosa?"

"Usikose."

Wakashuka, gia ya nne, mguu ukilishika gari kwa breki peke yake, kama afanyavyo mtu asiye na wasiwasi. Kona ya kwanza pedali ilikuwa juu. Kona ya pili pedali ilikuwa juu, na harufu ya pedi zilizopata moto ikaanza kuingia dirishani. Bashayer alikuwa akitaja mwendo kwa sauti, na kinasa sauti kikimsikiliza kutoka mfukoni: "Hamsini. Hamsini na tano. Pedali ngumu."

Kona ya tatu mguu wake ulihisi kitu kulainika, kama mtu akikanyaga mkate wa boflo.

"Imeshuka nusu," alisema.

"Tosha! Umeona, tosha, simama!"

Akakanyaga ili asimame. Pedali ikaenda chini, chini, ikagota sakafuni, na gari halikujua lolote.

Sitini. Sabini. Alipampu mara tano, upesi, kisigino kikilia kwenye bamba la chuma. Hewa. Alipampu tena. Hewa tupu! Ukuta wa mwamba ulikuwa unakuja kushoto, na kulia hapakuwa na kitu ila reli ya chuma, na nyuma ya reli mbingu. Bakhit akavuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili, huku akisoma shahada kwa pumzi moja. Magurudumu ya nyuma yakapiga yowe, mkia wa gari ukayumba. Bashayer akaipiga gia ya tatu, akaipiga ya pili, injini ikaunguruma kama inachinjwa, na kona ya nne ikafunguka mbele yao na ile njia nyeupe ya kokoto ikipanda kando ya mlima.

Hakukosa.

Kokoto zikawameza hadi nusu ya magurudumu. Gari likasimama, likatikisika, likatulia. Juu yao askari walikuwa wakikimbia na kupiga kelele, lakini ndani mlisikika pumzi mbili tu.

"Hivi ndivyo alivyosikia Aflah," Bashayer alisema. Mguu wake wa kulia ulikuwa bado umeikandamiza pedali sakafuni, na haukukubali kutoka mpaka alipouinua kwa mikono.

Bakhit alikuwa ameshashuka. Alichimbua kokoto, akatia mpira mwembamba kwenye skrubu ya gurudumu la mbele, ncha nyingine akaiingiza ndani ya gilasi, akafungua. Majimaji yakatoka yakikohoa, yanachemka, yanatema mvuke. Akainusa gilasi, akasita, akainusa tena.

"Luteni. Mimi fundi miaka ishirini na sita. Mafuta ya breki hayanuki hivi."

Bashayer akainama. Chini ya ukali wa mafuta yaliyoungua palikuwa na harufu nyingine, ya moshi na mawaridi, ile ya maji yanayopikwa kwenye vyungu vya Jabal Akhdar na kunyunyizwa wageni kila msiba na kila harusi.

"Vuta na yaliyo chini kabisa ya kikopo," alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Bakhit akavuta kwa bomba la sindano, akamimina juu ya kitambaa cheupe. Palibaki vijinyuzi vitatu, vyekundu, vyembamba kama kope.

"Kutu?"

"Si kutu. Zafarani."

"Zafarani kwenye breki? Nani anapika biriani humu?"

Bashayer hakucheka. Huko kwao Bakhit pengine hawakuwa na jambo hili. Nyumbani kwao yeye lilikuwepo, tangu bibi zake walipotoka nalo Unguja. Aya zinaandikwa kwa wino wa zafarani juu ya sahani nyeupe, maandishi yanaoshwa kwa maji ya mawaridi, na mgonjwa au msafiri anapewa anywe. Kombe. Aliwahi kulinywa mwenyewe, asubuhi ya mtihani.

Dakika ishirini baadaye Bakhit aliingiza mkono dirishani, akaibonyeza pedali. Ilishuka vidole viwili, ikasimama, ngumu kama jiwe.

"Imerudi," alisema, akauondoa mkono wake upesi.

* * *

Saa sita na robo Bashayer alikuwa sebuleni kwa kina Aflah, Madinat Sultan Qaboos, na gilasi iliyofunikwa kisosi ilikuwa juu ya meza, kati ya sahani ya tende na birika la kahawa. Hatem alisimama, kanzu yake nyeupe haina hata kunyanzi moja. Mama yake, Bi Mahbuba, mwenye miaka sabini na sita, alikaa kwenye kochi na tasbihi mkononi.

"Dawa yako ya presha iko droo ya chini, Bibi," Bashayer alisema kwanza. "Nyuma ya majani ya chai. Nabatanzi kaniagiza."

Tasbihi ikasimama.

"Anathubutu!" Hatem alisema. "Baada ya alichokifanya!"

"Bwana Hatem, Alhamisi alfajiri nani mwingine aliamka humu ndani?"

"Hakuna. Mimi nilikuwa msikitini, Aflah kalala."

"Hatem," Bi Mahbuba alisema, "nenda kaniletee maji ya kunywa."

"Sasa hivi, Mama?"

"Sasa hivi. Na uyatie barafu."

Akaenda, akinung'unika. Bi Mahbuba akamsogelea Bashayer, akashusha sauti.

"Mwanangu, nnakwambia weye kwa kuwa weye wa kwetu. Huyu asisikie, atanipigia kelele, bidaa, uzushi wa dini, mpaka Idi. Mie nilikuwako. Yule mtoto nilimwamsha mie, boneti siiwezi, bega langu bovu. Nikamwapisha asimwambie mtu. Marehemu, kila akisafiri na gari lile, alikuwa anywe kombe kwanza. Aflah hataki, vijana wa siku hizi. Nikasema basi, na linywe gari lenyewe." Macho yake yaling'aa. "Na limemwokoa! Kila mtu anasema, gari lile lilikuwa la kwenda bondeni. Hao waliokata breki wamekata, lakini kombe likamshika mwanangu. Mie nimekaa hapa siku tatu nashukuru Mungu."

Bashayer aliitazama gilasi mezani.

"Nabatanzi kakamatwa kwa ajili ya kufungua boneti, Bibi. Hukusema."

"Hatem kaniambia amekamatwa kwa kukata breki. Nikajua basi karudi siku nyingine, kafanya yake. Sikuamini, lakini..." Akazungusha punje moja ya tasbihi. "Nani atanisikiliza mie?"

"Kombe mlilitia wapi?"

"Pale penye maji. Kuna kikopo cheupe, unaona ndani kimepungua. Mtoto akafungua kifuniko, nikamimina kwa mkono wangu. Lote."

Bashayer akaondoa kisosi juu ya gilasi, akaisogeza.

Bi Mahbuba akainama, akanusa. Akatabasamu kwanza, aliijua harufu ile kama anavyojua harufu ya wanawe. "Yenyewe. Ya Jabal Akhdar, yenye moshi. Mmeyapata wapi?"

"Kwenye gurudumu la mbele, Bibi."

Tabasamu likabaki usoni, limesahauliwa, kama taa iliyoachwa ikiwaka mchana.

"Kile kikopo si cha maji. Ni cha breki. Jumamosi fundi aliyavuta bila kujua, yakashuka hadi magurudumuni. Mlimani yakachemka." Bashayer alitamka polepole, maana hapakuwa na namna ya kulisema neno lile kwa upole. "Hakuna aliyekata breki."

Nyuma yao gilasi iligonga sinia. Hatem alikuwa mlangoni na maji ya barafu, na uso wake ulionyesha kwamba alikuwa amesimama pale muda wa kutosha.

Saa ya ukutani ilionyesha saa sita na dakika thelathini na tano.

Hatem ndiye aliyeanza, na sauti ya amri ilikuwa imemhama. "Luteni. Tukae tuzungumze. Mama ni mtu mzima, ana presha. Yule msichana... watamrudisha kwao tu, nitamlipia tiketi mwenyewe. Hapana haja ya—"

"Ulitaka niandike sihr," Bashayer alisema. "Niandike sasa? Niandike aliyemimina ni nani?"

"Hatem." Bi Mahbuba alikuwa amesimama. Alikuwa mfupi kuliko alivyoonekana alipokaa. "Nipe buibui langu."

"Mama, kaa, tafadhali."

"Mtoto wa watu kaapa, kakitunza kiapo siku tatu, ndani, peke yake. Na mie niko hapa nakunywa kahawa. Nipe buibui langu, au nitoke hivi hivi."

Akalivaa mwenyewe, vidole vikishindwa na kifungo, hakukubali kusaidiwa. Kwenye ngazi za nje aligeuka kulitazama jua la mchana kana kwamba limemuuliza jambo. "Aflah akiamka," alisema, "mie ndiye nitakayemwambia. Msinitangulie."

"Hatutakutangulia, Bibi."

Mbele ya gari la polisi akasita, mkono umeshika mlango.

"Breki zake nzima?"

"Nzima."

Akaingia, akakaa mbele kando ya Bashayer, akafunga mkanda. Barabara ya kwenda kituoni ni tambarare na magari yalikuwa machache, Bashayer akaendesha taratibu, na bado ilikuwa saa sita na dakika hamsini walipoikaribia taa ya kwanza. Ikawa nyekundu. Mguu wa kulia wa Bi Mahbuba ukatoka chini ya buibui, ukakanyaga sakafu tupu kwa nguvu zake zote, ukakaa pale hata baada ya gari kusimama.